Mzee wa Connemara kaniita "mwanamke wa buluu": wadau njooni tuongee rangi za lugha za Kiselti

BintiPangani (mwanzisha uzi):

Wadau wa lugha habari zenu. Kuna jambo limenitokea huku niliko na sijaacha kuliwaza tangu siku ile, nikaona nilete hapa maana najua humu kuna watu wako Wales, wako Uskoti, wengine walimu wa Kiswahili, mje mchangie.

Mimi mtu wa Tanga, Pangani kabisa. Huu mwaka wa tatu niko Ayalandi, upande wa magharibi, Connemara, kaunti ya Galway. Kazi yangu kuhudumia wazee majumbani kwao, unafika saa mbili asubuhi unamwamsha mzee, unamuogesha, unampikia uji wa shayiri, unawasha moto, unaenda nyumba nyingine. Upande huu kuna vijiji watu bado wanaongea Kiayalandi chao cha asili (hicho ni cha ukoo wa Kiselti, pamoja na Kiwelisi cha Wales na Kigaeli cha Uskoti), Kiingereza wanakijua wote ila wakiwa wenyewe kwa wenyewe ni Kiayalandi tu, na mimi nikaanza kujifunza kidogo kidogo maana huwezi kumuogesha mtu kila siku halafu hujui hata kumuuliza maji yamekuwa ya moto sana au vipi.

Basi kuna mzee mmoja ameshavuka miaka 80, mpole sana. Siku yangu ya kwanza pale binti yake akapiga simu, mzee akapokea, nikamsikia anasema "tá an bhean ghorm anseo". Nikaganda na sahani mkononi. An bhean ni yule mwanamke, anseo ni hapa, na gorm nilikuwa nimeisoma wiki ileile, spéir ghorm, mbingu ya buluu. Yaani "yule mwanamke wa buluu yupo hapa". Sikusema kitu, nikamaliza vyombo nikaaga, ila njiani moyo ulikuwa mzito kwelikweli, nikawa najiuliza huyu mzee ananionaje mimi.

Jumamosi yule binti mwenyewe akaja, nikamuuliza bila kuzunguka. Akakaa chini akanieleza taratibu. Kwa Kiayalandi mtu mweusi kama sisi anaitwa duine gorm, na ndivyo walivyosema tangu mababu. Nyeusi ni dubh, lakini ukiiweka dubh kwa mtu unakuwa unasema habari za nywele: Seán Dubh ni Seán mwenye nywele nyeusi, mzungu kabisa, kama Máire Rua alivyo Máire wa nywele nyekundu na Pádraig Bán wa nywele nyeupe. Halafu an fear dubh, "yule mtu mweusi", kwa wazee ni jina la Shetani. Kwa hiyo neno ambalo mzee alilirithi kwa ajili ya mtu wa rangi yangu ni lile la mbingu na bahari, la Shetani ni jingine kabisa.

Nikamwambia asante, na toka siku hiyo nikaanza kuzifuatilia hizi rangi zao moja moja. Na ndo nikakutana na neno glas.

Hapo ndo penye uhondo wenyewe. Dirisha la jikoni kwa mzee linaangalia kiwanja kidogo, kimezungushiwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, ndani majani, na farasi mmoja mdogo wa kienyeji, wale wa Connemara. Sasa siku moja natandika kitanda mzee kaniita nije dirishani. Akanionyesha majani: glas. Sawa, kijani. Akanionyesha mawe ya ukuta: glas. Nikasema hapana mzee, hayo ya kijivu. Glas, akarudia. Akanionyesha farasi, ambaye kwa macho yangu ni wa kijivu anayeelekea weupe: capaillín glas. Majani, jiwe, farasi, vyote neno moja, na mzee hasiti hata kidogo. Afu akanyoosha kidole kwenye mlango wa banda la jirani uliopakwa rangi ya kijani ya dukani, nikasema glas! Akatikisa kichwa. Uaine.

Kumbe kijani cha kitu kinachoota chenyewe ni glas, na kijani cha kupaka, cha nguo, cha bendera ni uaine. Hata katiba yao ya 1937 kifungu cha 7 kwa Kiayalandi inasema bendera ya taifa ni uaine, bán, agus flannbhuí. Glas haikuwekwa pale. Na hiyo flannbhuí ndo rangi ya chungwa, ukiifungua ni flann, wekundu wa damu, na buí, manjano. Manjano ya damu.

Nitaendelea, naingia zamu.


Shoka_la_Bodi:

Dada pole na kazi, na uzi ni mzuri. Ila mimi sikubaliani nawe moja kwa moja. Mtu anakuita kwa rangi yako mbele yako, hakuuliza hata jina, halafu unatuletea habari ya mbingu na bahari. Hizi lugha zote ukizichunguza utakuta kuna sababu nzuri ya kila kitu. Swali langu ni moja, hiyo gorm kwa mtu mweusi ilianza lini na kwa nini, maana waayalandi wa zamani walimwona wapi mtu mweusi?


BintiPangani:

Shoka umeuliza swali la maana na nimelifanyia kazi.

Walituona zamani kuliko unavyodhani. Kuna vitabu vyao vya kale vya historia vilivyobaki vipande vipande, vinaeleza kwamba karne ya 9 Waviking, wale mabaharia wavamizi wa kaskazini ya Ulaya, walitoka wakashambulia Hispania wakavuka mpaka Afrika Kaskazini, Mauritania ya enzi hizo, wakateka watu wakaja nao Ayalandi. Hao mateka wanaitwa humo fir gorma, watu wa buluu, na mwandishi anasema walikaa Ayalandi muda mrefu. Nilipoisoma hiyo habari sikulala vizuri. Watu wa Afrika wamebebwa kwenye majahazi ya vita mpaka kisiwa cha baridi namna hii, miaka zaidi ya 1,100 iliyopita, na kilichobaki kwao ni neno la rangi tu.

Na hao Waviking wenyewe kwa lugha yao walimwita Mwafrika blámaðr, na blá ndo buluu yao. Kwa hiyo huenda hata Waayalandi walilisikia huko, au wote waliona kitu kimoja. Na kitu chenyewe ukikitazama kipo, mama yangu mzazi ni mweusi tii, akipaka mafuta akakaa juani kuna mng'ao ule, kwetu tunasema "mweusi mpaka anawaka". Gorm ya zamani inabeba pia giza linalong'aa, sio samawati ya anga tu.

Kuhusu kuniita kwa rangi, hapo nakuelewa na sikupingi. Wapo weusi waliozaliwa hukuhuku, Kiayalandi wanakiongea kuliko mimi, na wao ndo wenye haki ya kusema wanataka waitweje, na mjadala huo upo. Mimi nazungumzia yule mzee mmoja. Na jina aliniuliza, tena siku ileile, anavyolitamka ni Sófia, anavuta ile o kama anaimba.


WuodNam:

Sasa hapa mmeniita. Mimi mtu wa Homa Bay lakini niko Bangor, kaskazini ya Wales, mwaka wa sita sasa, mke wangu ni wa huku na watoto wanasoma shule ya Kiwelisi, so nyumbani rangi zote ni za Kiwelisi.

Huku pia tuko na glas lakini imehama. Leo glas ni buluu, ukienda duka ukasema crys glas watakupa shati ya buluu. Kijani ni gwyrdd, na hiyo waliitoa kwa Kilatini cha Warumi, viridis. Lakini zamani glas ilishika buluu na kijani ya mimea na hata kijivu fulani, na mabaki bado yako kila mahali. Majani ya ng'ombe ni glaswellt, yaani nyasi-glas, hakuna mtu anafikiria nyasi ni ya buluu. Sarafu za fedha wazee wanaita arian gleision, pesa za buluu. Kijana bado mdogo ni glaslanc. Mwanafunzi mpya wa chuo kikuu ni glasfyfyriwr, "mwanafunzi glas", na kila Septemba wanajaa hapa Bangor.

Ile ilinisumbua kabisa ni llwyd. Wanasema ni kijivu. Sawa. Afu mama mkwe akaniambia nimletee papur llwyd, nikamletea karatasi ya kijivu, akacheka, alikuwa anataka ile karatasi ya kaki ya kufungia vitu! Kumbe llwyd zamani ilikula kijivu na sehemu ya kahawia pia. Kiwelisi haikuwa na neno moja la kahawia, mahali pengine walisema llwyd, mahali pengine coch ambayo ni nyekundu, hata sukari ya kahawia ni siwgr coch, sukari nyekundu, na leo wameazima brown ya Kiingereza wakaandika hivyo hivyo. Kuna mtaalamu wa lugha wa Denmark, Louis Hjelmslev, kwa kitabu chake cha 1943 alichora kimchoro, upande moja rangi za Kidenmaki upande wa pili za Kiwelisi, na mistari haikutani hata kidogo, gwyrdd, glas, llwyd zinakata katikati ya zile zingine. Hicho kimchoro kimezunguka dunia yote kwa madarasa ya isimu, na watu wengi wanaokisoma hawajawahi kusikia Mwelisi akiongea.

Halafu mlima mkubwa wa huku, Yr Wyddfa, mita 1,085, chini ya kilele kuna ziwa linaitwa Glaslyn, ziwa glas. Tumefika na watoto. Maji yana madini ya shaba, na nilimuuliza kijana wangu hii ni rangi gani kwa Kiswahili akakaa kimya akafikiria sana, afu akasema "Baba, hii ni glas". Nikaangalia tena. Si buluu si kijani. Nikamwachia.


Mwl_Sengerema:

Nimeupenda uzi huu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, zaidi ya miaka 20, naomba niongeze upande wetu kidogo kwa sababu watu wanashangaa ya wenzetu wakati yetu hatuyaangalii.

Kiswahili rangi zenye mzizi wa kivumishi unaopokea viambishi vya ngeli ni tatu tu, -eupe, -eusi, -ekundu. Mtoto mweusi, kiti cheusi, gari jeusi, nguo nyeusi. Zingine zote tunaegemea vitu. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Manjano ni ile bizari. Zambarau ni tunda, chungwa ni tunda, kahawia ni kahawa, samawati ni mbingu kwa Kiarabu, damu ya mzee kila mtu anaijua. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Berlin na Kay, walitoa kitabu wakidai lugha yenye maneno matatu tu ya msingi itakuwa na nyeusi, nyeupe na nyekundu, na hapo mizizi yetu inakaa palepale.

Na sisi pia tunapowekea watu rangi hatusemi rangi kamili. Pwani mtu wa ngozi ya maji ya kunde anaweza kuitwa mwekundu, kuna mitaa ina Asha Mwekundu na Asha Mweusi ndugu wa tumbo moja. Chai isiyo na maziwa tunaiita chai ya rangi, rangi gani? Hakuna anayeuliza.

Ila kuna jambo nataka kumwambia BintiPangani na huyo wa Bangor. Mnavyoieleza hiyo glas, majani yanayoota, kijana mdogo, mwanafunzi mpya, mimi nasikia neno letu -bichi. Majani mabichi, embe bichi, nyama mbichi, kuni mbichi, kijana bado mbichi. Sio rangi, ni hali, lakini ukisema "rangi ya majani mabichi" kila mtu anaiona. Je kwa Kiayalandi glas inafika huko? Naomba umuulize mzee.


BintiPangani:

Mwalimu shikamoo. Umenitia kiu, nitamuuliza kesho. Ninachojua tayari ni kwamba mboga za majani kwao ni glasraí, na asubuhi ya baridi ile inayoingia mpaka mifupani wanaiita maidin ghlas. Asubuhi mbichi! Naona unaelekea kwenyewe.

Na hiyo ya viambishi mwalimu, wenzetu wanabadilisha mwanzo wa neno kama sisi. Gorm inakuwa ghorm, glas inakuwa ghlas, dubh inakuwa dhubh, kutegemea nomino ni ya kike au ya kiume. Wenzangu wa kutoka nchi nyingine za Ulaya tunaosoma nao jioni hilo linawatesa, wanatafuta neno kwenye kamusi hawalioni kwa sababu limebadilika kichwa. Mimi halikunisumbua. Mtu aliyekua na mweusi, cheusi, jeusi, nyeusi anajua kabisa kwamba neno linaweza kuvaa kofia nyingine.


WuodNam:

Ni kweli hiyo, na Kiwelisi ni hivyo hivyo. Paka ni jina la kike so paka mweusi ni cath ddu lakini mbwa mweusi ni ci du. Na nyeupe inabadilika mpaka irabu ya ndani, gwyn kwa mume, gwen kwa mke. Ndio maana Gwen ni jina la mwanamke, maana yake mweupe lakini pia mbarikiwa. Kwa Biblia ya Kiwelisi pale Yesu anasema "heri walio maskini wa roho" wameandika gwyn eu byd, "nyeupe ni dunia yao". Nilisikia hiyo kanisani nikashika mkono wa mke wangu.


Nyota_ya_Jaha:

Samahani mimi msomaji tu lakini hapo kwenye Gwen mmenigusa, mimi naitwa Jennifer na kuna mtu aliniambia zamani hilo jina lina asili ya Wales, ni kweli au?


WuodNam:

Kweli kabisa dada. Mke wa mfalme Arthur kwa hadithi za Kiwelisi ni Gwenhwyfar, hiyo gwen ya mwanzo ni nyeupe. Jennifer ni jina hilo hilo kwa matamshi ya Cornwall, kule kusini magharibi ya Uingereza walikokuwa wanaongea Kikorni, ndugu wa Kiwelisi. Kwa hiyo ndani ya jina lako kuna nyeupe.

Na si wewe tu. Kenya nzima imejaa haya majina na watu hawajui. Lloyd ni llwyd, kijivu, ya mvi. Floyd ni llwyd hiyo hiyo, Waingereza walishindwa na ile ll wakasema fl. Duncan ni Donnchadh, ndani kuna donn, kahawia. Douglas ni dubh, nyeusi, na neno la zamani la kijito, yaani mto mweusi. Roy ya Rob Roy wa Uskoti ni ruadh, nyekundu ya nywele, aliitwa Raibeart Ruadh. Mimi nilisoma na Duncan wawili, Douglas mmoja na Roy, darasa moja, rangi tatu za Kiselti zimekaa dawati moja huko Nyanza. Wamisheni wa Kiskoti walifika kwetu mapema, hata Thogoto pale Kikuyu jina lake ni "Scot" limepita kwa mdomo wa Wakikuyu.


MtuWaBukavu:

Jambo ba ndugu wote. Miye ni mtu wa Bukavu lakini nakaa Rennes, Ufaransa, jimbo la Bretagne. Huku kuna Kibretoni, nacho ni ndugu ya Kiwelisi, watu wake walivuka bahari kutoka kisiwa cha Uingereza zamani sana, karne ya 5 na ya 6.

Kibretoni kimelinda glas ya zamani kuliko hao wa Wales. Bahari ni glas, majani ni glas, na kijani cha kupaka ni gwer. Ile mambo dada alisema ya mlango wa jirani, hapa ni sawasawa kabisa, na hizi nchi mbili zimetenganishwa na bahari na lugha zao hazisikilizani hata.

Lakini rangi ya huku kubwa ni mbili, nyeupe na nyeusi. Bendera yao inaitwa Gwenn ha Du, "nyeupe na nyeusi", aliichora Morvan Marchal mwaka wa 1923. Mistari 9, 5 nyeusi ni majimbo ya kanisa ya zamani ya mashariki, 4 nyeupe ni ya magharibi kule Kibretoni kinasemwa. Unaiona kila fasi, kwa magari, kwa mpira, kwa boksi ya biskuti. Na mwezi wa 11 unaitwa miz Du, mwezi mweusi. Wa 12 ni Kerzu, na mule ndani du iko tena, mweusi kabisa kabisa. Mwaka wa kwanza nilifika hapa mwezi wa 11, saa kumi na moja jioni giza, mvua, sijui mtu. Nilipojifunza hiyo jina nilisema hawa watu hawakudanganya.


Shoka_la_Bodi:

Naendelea kusoma na nakiri mnanishawishi kidogo kidogo. Hapo kwenye mwezi mweusi nimekaa. Vipi Uskoti, hakuna mtu wa huko?


Kilele_Kibo:

Nipo mkuu. Nasoma Aberdeen na napenda kupanda milima, kwetu Marangu. Nitaongea ya milima tu.

Huku kuna safu maarufu inaitwa Cairngorms, watalii wote wanaijua hivyo, ikitokana na mlima mmoja An Càrn Gorm, mita 1,245, rundo la mawe la gorm, la buluu. Ila wenyeji wa Kigaeli hiyo safu yote waliiita Am Monadh Ruadh, milima myekundu, kwa sababu mawe yake ya matale yana wekundu ukiyaona kwa karibu hasa jua la jioni likipiga. Ng'ambo ya mto Spey kuna safu nyingine, Am Monadh Liath, milima ya kijivu. Mwekundu huku, kijivu kule, mtu anajua yuko upande gani wa bonde. Sasa wageni wakachukua jina la kilele kimoja cha buluu wakaivika safu nzima, na milima myekundu leo inajulikana duniani kwa jina la buluu. Nikiwa juu naliona hilo kabisa, mbali ni buluu, ukiukanyaga ni mwekundu, majina yote mawili yanasema kweli kutegemea umesimama wapi.

Kuna kijiziwa kinaitwa An Lochan Uaine, karibu na Glenmore, maji kijani cha ajabu, wanasema viumbe wa uchawini walifulia nguo zao humo. Na angalieni, maji, kitu cha asili, lakini wameyaita uaine na sio glas. Kijani kile kimezidi mno mpaka kinaonekana kama kimepakwa.

Na Kigaeli cha Uskoti kinaweza kuita majani gorm, feur gorm. Yaani binamu wa Ayalandi na wa Uskoti wanaelewana kwa kiasi, lakini wakifika kwenye majani mmoja anasema glas mwingine anaweza kusema gorm.


BintiPangani:

Nimerudi. Kilele hiyo ya mlima mwekundu wenye jina la buluu nimeisoma mara tatu.

Kabla sijaleta majibu ya mzee kuna mambo mawili. Moja, zambarau. Kiayalandi ni corcra. Asili yake Kilatini, purpura, ila Kiayalandi cha kale hakikuwa na sauti ya p, kwa hiyo kila p iliyoingia na wamisionari wa kwanza waliigeuza k. Purpura ikawa corcra, na Pascha ikawa Cáisc. Cáisc na Pasaka yetu ni neno lilelile!

La pili ndo limenikaa rohoni. Kuna mahubiri ya Kiayalandi ya mwisho wa karne ya 7 au mwanzo wa ya 8, yamehifadhiwa Cambrai Ufaransa, yanasema kuna kufia dini kwa namna tatu, kila moja na rangi yake. Nyekundu ni kuuawa, hiyo inaeleweka. Nyeupe, bán, ni mtu kuachana na kila anachokipenda kwa ajili ya Mungu. Na ya tatu ni glas, kufunga na kufanya kazi ngumu za toba mpaka mtu anaachana na matamanio yake. Watu wanajadili kwa nini glas. Mimi nimekulia nyumba ya kufunga Ramadhani, najua uso wa mtu siku ya 25 saa kumi alasiri, ile midomo imepauka na ngozi imeingia jivu. Nikisoma glas pale naiona sura ya bibi yangu. Na ile nyeupe, ya kuwaacha uwapendao, wadau mlioko mbali mnaijua bila mimi kueleza.


Mwl_Sengerema:

Marahaba binti yangu, na asante kwa hilo la Cambrai. Sasa mzee kasemaje kuhusu -bichi?


BintiPangani:

Nimeenda leo asubuhi. Nikamaliza kumpa chai nikavuta kiti karibu na jiko, nikamwambia mzee leo mimi ndo nafundisha. Nikamweleza kwetu kuna neno bichi. Kuni zisizokauka, bichi. Nyama haijaiva, bichi. Kijana hajui dunia, bichi. Akawa anaitikia kila moja, glas, glas, kwenye nyama akasita akasema hapo wao wana neno lingine, lakini kwenye kijana akapiga goti lake kwa furaha. Nikamwambia asubuhi kama ya leo, akasema glas, ndiyo, bichi. Akalishika, "bichi", analisema vizuri kabisa.

Tukaenda dirishani. Akanyooshea majani, bichi. Nikasema ndiyo. Akanyooshea yule farasi, bichi? Nikasema hapana mzee. Akashangaa kweli. Ukuta wa mawe? Hapana. Akanigeukia, akaniuliza sasa huyo farasi kwenu ni nini.

Sikuwa na jibu la haraka. Nikarudi naye pale jikoni, huku wanachoma móin, ule udongo wa kinamasi wanaoukata na kuukausha kiangazi, nikachukua koleo nikachota kidogo cha chini ya moto nikamwonyesha. Luaith, akasema. Nikamwambia kwetu hii ni jivu, na farasi wako ni wa kijivu. Akachovya kidole akakitazama, akaenda mwenyewe mpaka dirishani na mkongojo wake, akakiweka kidole mbele ya kioo sawasawa na pale farasi aliposimama, akafumba jicho moja.

"Jivu," akasema. Halafu akaniambia nimwite binti yake kwenye simu.